Daktari wa Ngano

Watu wa Matisi walimwita Daktari, na jina hilo lilimsumbua. Asubuhi akifungua mlango achukue maziwa, alikuta mama amesimama pale na mtoto wa kikohozi mgongoni. Siku moja nilimkuta mzee mmoja ameketi kwenye benchi lake la nje, shavu limevimba kama amefutika chungwa mdomoni, na Daktari amechuchumaa mbele yake akimweleza kwa upole.

"Mzee wangu, mimi si daktari wa watu. Mimi ni daktari wa ngano."

Mzee alilifikiria jambo hilo. "Na si huu mdomo ndio unakula ngano?"

Daktari akainuka. Akaingia ndani, akavaa viatu, akampeleka kwa miguu hadi zahanati, akangoja nje mpaka jino likang'olewa, kisha akamrudisha kwake. Alifika kazini amechelewa, jambo ambalo hakumruhusu mtu mwingine yeyote. Tulipomtazama alisema tu kwamba alikuwa na mgonjwa.

Sijui alizaliwa mwaka gani na sikumuuliza. Najua kwao ni Bokoli, najua mama yake alikuwa hai na mkali, na najua alisoma ng'ambo akarudi na digrii ambayo hakuitundika ukutani. Mengine nimeyapata kwa kuketi naye meza moja miaka kadhaa, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, katika chumba kidogo nyuma ya kituo cha utafiti pale Kitale, tukifungua maua ya ngano.

Mimi ni fundi wa nguo. Wazazi wangu walihamia Trans-Nzoia kutoka upande wa Murang'a, nikakulia huku, nikaolewa Matisi, nikaweka cherehani yangu kwenye baraza la duka. Daktari alikuja siku hiyo na koti lake jeupe, mfuko umechanika. Alinikuta nafumua gauni la bibi harusi ambaye alikuwa amenenepa tangu nilipompima. Uzi ule ulikuwa mwembamba na kitambaa chenyewe ni cha kuchanika ukikitazama vibaya. Daktari alisimama, akasahau koti mkononi.

"Fundi, unatoa uzi na kitambaa hakisikii. Unafanyaje?"

"Ni mkono tu, Daktari. Na kutoharakisha."

"Huo mkono naomba ukuje kwangu kesho."

Nilidhani anataka nimshonee mapazia ya ofisi. Nilienda na futi yangu shingoni. Badala ya dirisha, alinionyesha suke la ngano, akanipa miwani ya kukuza na kibanio chembamba cha chuma. Ndani ya kila kiua kulikuwa na vifuko vitatu vya manjano vinavyobeba chavua, ule unga ambao mimea huzaa nao. Kazi yangu ilikuwa kuvitoa vyote kabla havijapasuka, bila kugusa kile kinyoya kidogo cha katikati ambacho ndicho mama wa punje. Niliharibu masuke mengi. Hakunikemea. Alikuwa akichukua suke nililoliua, analitazama, anasema, "Hili limetufundisha," kisha ananipa lingine. Kuanzia hapo nikawa Fundi, na mpaka tulipoagana hakuniita jina langu hata mara moja, wala mimi lake.

Lazima niseme kazi yenyewe ilikuwa nini, kwa sababu bila kuielewa huwezi kumwelewa yeye. Miaka ile kutu, ugonjwa wa mabua, ilikuwa inakula ngano za watu. Shamba linasimama kijani leo, baada ya muda mfupi mabua yamejaa vumbi jekundu, na ukipita na suruali nyeupe unatoka kama uliyepakwa rangi ya sakafu. Ili kupata mbegu inayoweza kuvumilia, unachanganya ngano ngumu na ngano inayozaa vizuri. Lakini watoto wa mchanganyiko huo hawafanani, kama watoto wa nyumba moja wasivyofanana. Inabidi upande, uchague, upande tena, uchague tena, misimu na misimu, mpaka watulie na kuwa kitu kimoja. Wakati huo kutu inaendelea kula.

Mimi alinieleza kwa lugha yangu. "Fundi, ukipewa sare za shule nzima, utakata kila moja kwa macho?"

"Hapana. Nitatengeneza karatasi moja ya kukatia."

"Basi mimi natafuta hiyo karatasi. Na sitaki kuitafuta mpaka nizeeke."

Njia yake ya mkato ilikuwa ya ajabu. Unalichukua ua la ngano lililoondolewa chavua yake, unalipaka chavua ya mahindi. Mahindi na ngano si watu wa ukoo mmoja. Punje inaanza kutunga, lakini baada ya siku chache kila kilichotoka kwa mahindi kinapotea chenyewe, kinabaki kiini kidogo chenye urithi wa mama peke yake, yaani nusu ya kile mmea unachotakiwa kuwa nacho. Punje hiyo haina unga ndani, ina maji tu, kwa hiyo kiini kitakufa njaa usipokitoa mapema na kukilea kwenye chupa, juu ya chakula kizito kama jeli. Kikiota kinakuwa mche mwembamba usioweza kuzaa. Tulizoea kuuita "nusu". Halafu nusu hiyo inapewa dawa inayoifanya ijirudie yenyewe, nusu inakuwa nzima, na pande zake mbili zinalingana kabisa. Mbegu zitakazotoka hapo zinafanana zote. Karatasi ya kukatia imepatikana katika kizazi kimoja.

Hivyo ndivyo inavyosemwa. Kuifanya ni kitu kingine. Tulikuwa tunapaka maua ya kujaza meza, tukapata viini vya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na katika hivyo vingine vilikataa kuota, vingine vikaota vikaoza, vingine vikafika kwenye udongo vikanyauka kwa upepo wa Kitale. Ilikuwa kama kuchota maji kwa kichujio. Njia ilikuwepo, ila haikuwa inatoa mimea ya kutosha kumfaa mkulima yeyote. Kuiboresha ndiyo iliyokuwa shughuli ya maisha yake.

Kazini alikuwa msafi kupita kiasi. Mlango wa chumba cha chupa ulifunguliwa kwa kiwiko. Ukikohoa, unatoka nje, hata kama ni koo tu imekauka. Alinifanya nikate kucha kila Jumatatu kama mtoto wa nasari. Lakini nyumbani kwake Matisi huwezi kupata pa kuketi. Kulikuwa na vitabu kwenye kochi, sufuria juu ya vitabu, na mara moja niliona kuku anatagia kwenye kofia ya kanisani. Nilipomwuliza alisema kuku alimtangulia.

Tena, mtu huyo aliyeipigania ngano hivyo hakuila. Chapati ilimpa kiungulia. Mchana tukifungua vyakula vyetu, sisi wengine na chapati zetu za maharagwe, yeye alikuwa na ugali baridi na mboga ya kunde. Dereva wa kituo, mtu wa Chwele aliyependa mzaha, alimwambia, "Daktari, wewe ni kama mwuza viatu anayetembea miguu mitupu." Akajibu kwamba mwuza viatu wa namna hiyo hana haraka ya kuzichakaza bidhaa zake.

Alikuwa na tabia nyingine ambayo ilinichukua muda kuizoea. Siku mbaya ndiyo iliyokuwa siku ya kuku. Ile dawa ya kuifanya nusu iwe nzima ni sumu kali, na mara ya kwanza tuliyoitumia kwa miche mingi, tulikuta karibu yote imelala. Mimi nililia. Nilikuwa nimeilea miche ile tangu ikiwa chembe. Daktari aliipitia mmoja mmoja, akaigusa mizizi, akaandika alichoandika, kisha akavua koti.

"Fungeni. Twende kwangu tukachinje."

"Tunasherehekea nini, Daktari?"

"Hakuna. Siku nzuri inajitosheleza. Hii ndiyo inahitaji kuku."

Akapika yeye mwenyewe, kuku wa kienyeji wa mchuzi mzito, akatuhamishia vitabu chini tukapata pa kukaa. Hakuna aliyezungumza habari ya miche mpaka tumeshiba. Kisha akasema, kama mtu anayeendelea na hadithi, kwamba dawa ilikuwa nyingi na maji yalikuwa baridi, na kesho tutajaribu na kidogo. Tulijaribu na kidogo. Ikakubali.

Ukitaka kujua kama ana furaha, ilikupasa usikilize ulimi wake. Siku za kawaida alisema Kiswahili cha darasani, kila herufi mahali pake. Furaha ikimshika, Bokoli ilirudi mdomoni, na r zote zikageuka l. "Fundi, njoo haraka" maana yake kuna kazi. "Fundi, njoo halaka" maana yake kuna kitu kimeota.

Sasa nieleze safari ya Bokoli, kwa sababu watu waliokuwepo bado wanaizungumza.

Kitale ni mji wa mahindi. Hata kituo chetu kilikuwa na watu wengi wa mahindi, na mkubwa wetu, mtu mpole, alikuwa mmoja wao. Alimwita Daktari akamwambia bila ukali kwamba chumba kile kidogo kinahitajika kwa kuhifadhia mbegu za mahindi. Msimu ukiisha bila mimea ya kuonyesha, itabidi akitoe. Daktari akasema amesikia. Alipanda ngano zake kwenye vyungu katika nyumba ya kioo, na nje akapanda mahindi kwa kuchelewa, ili vyote vichanue pamoja. Kwa hesabu yake ilikuwa inaingia sawasawa.

Ngano ilipoanza kutoa masuke, mvua ya mawe ikanyesha. Ilidumu muda wa kunywa chai. Ilipokwisha, mahindi yetu yalikuwa mabua yaliyovunjika, na mbelewele, yale maua ya juu yanayotoa chavua, zilikuwa matopeni. Ngano ilikuwa salama chini ya kioo, tayari, bila mchumba. Na mahindi ya wakulima wa Kitale yalikuwa yameshakauka mashambani, maana huku watu hupanda mara moja kwa mwaka.

Tulisimama mlangoni tukitazama. Daktari akasema, "Bokoli wanapanda mara mbili."

"Uagize chavua?" nikamwuliza.

"Haikai. Ukiisafirisha kwenye bahasha utafika na vumbi." Akageuka kumtazama dereva. "Pikapu iko na mafuta?"

Tulipakia vyungu vyote vya ngano nyuma ya pikapu, tukavizungushia magunia visigongane. Mimi niliketi humo humo, nikishikilia masuke kwa mikono miwili kila tulipoingia shimo. Tulipofika Webuye dereva alishindwa kujizuia. Akaanza kupiga honi mfululizo, kama anavyofanya anayebeba bibi harusi, na watu wa barabarani wakageuka kuona, wakaona nyasi. Daktari aliketi mbele na koti lake jeupe, anatazama mbele tu. Lakini niliona mabega yake yakitikisika.

Mama yake alikuwa uani anaanika maharagwe. Alikuwa mwembamba, amefunga kitambaa, na macho yake yalihesabu vyungu kabla ya kutusalimu.

"Mulembe. Hii ni nini mmeniletea?"

"Ni ngano, mayi. Tunaomba mahindi yako yaizalishe."

Mama aliuweka ungo chini. "Mahindi yangu?"

"Chavua yake tu. Haitaharibika."

"Wanawali wote hawa? Na mahari iko wapi?"

"Mayi, ni kazi ya ofisi."

"Ofisi haioi? Haya, niambie. Watoto wakizaliwa watafanana na nani?"

Daktari akasita. "Na mama yao."

"Na mahindi yangu atapata nini? Hata pua?"

"Hata pua hatapata. Yake yote inapotea."

"Hata jina?"

"Hata jina, mayi."

Mama alitutazama mmoja mmoja, mimi, dereva, na Daktari binti yake. "Basi hiyo si harusi. Hiyo ni kuibiwa mchana, na mwizi amekuja na gari ya serikali." Halafu akacheka, akacheka mpaka akaketi chini, na majirani waliokuwa wamechungulia ua wakaingia kuuliza anacheka nini. Alipowaeleza, jambo lilitutoka mikononi. Wanawake wa kijiji waliipokea ngano kwa nyimbo za kumpokea bibi harusi. Mmoja alitaka kujua yupi kati ya vyungu ni mke mkubwa. Mwingine alileta kanga akaifunika ngano kichwa, Daktari akamsihi aitoe taratibu asivunje masuke, na yeye akaitoa taratibu, huku akiiomba ngano msamaha.

Tukafanya kazi kesho yake asubuhi, jua lilipokausha umande. Dereva alipita shambani akizipukutisha mbelewele juu ya karatasi. Daktari na mimi tulipaka chavua kwa brashi ndogo, ua kwa ua, tukaendelea hivyo kila asubuhi, maana masuke hayakuwa tayari kwa pamoja. Kila suke, siku moja baada ya kulipaka, tulilitia dawa ya kulidanganya liendelee kujaza punje. Pikapu ilihitajika kwingine ikarudi Kitale, kwa hiyo vyungu vilibaki Bokoli zaidi ya majuma mawili, vimepangwa kando ya ukuta wa jiko la mama, mahali alipochagua yeye, ili avilinde na kuku. Aliwafukuza kuku wale kwa matusi ambayo sikujua kwamba mshirika wa kanisa anaweza kuyajua.

Tulirudi Kitale na masuke mabichi. Daktari aliketi kwenye darubini, mimi nikamkatia punje ya kwanza. Maji yakatoka, na ndani yake, kidogo kama chembe ya sukari, kiini. Nikakata ya pili. Kiini. Ya tatu ilikuwa tupu, ya nne ikawa nacho, ya tano nacho. Nilikuwa nimezoea kukata asubuhi nzima bila kitu. Nikaweka kisu chini, nikamwomba nipumzike.

"Usipumzike, Fundi," alisema bila kuinua macho. "Endelea tala-tibu."

Chupa zilijaa rafu. Mkubwa alikuja, akasimama mbele ya rafu zile muda mrefu na mikono nyuma, kisha akaondoka, na habari za kuhifadhi mbegu hazikurudiwa. Dereva alikuwa amenunua soda za kila mtu. Sote tulijua sababu ya wingi ule wa viini: mahindi ya mama. Tulikuwa tumeshaanza kupanga namna ya kuleta mbegu zake Kitale.

Daktari alikunywa soda yake, akaiweka chini. "Hiyo ni bahati," alisema. "Sasa tutafute jibu."

Hapo ndipo nilipomwelewa. Mtu mwingine angeshukuru Mungu akanyamaza. Yeye alipanda mahindi ya mama yake Kitale, sambamba na mahindi mengine ya kila aina, akatumia yote, na ya mama hayakushinda wala kushindwa sana. Akajaribu dawa kwa namna tofauti. Akajaribu maji ya Bokoli, ambayo dereva aliyaleta kwa mtungi akilalamika. Hakuna. Msimu mwingine ukapita. Kisha siku moja alitundika kipimajoto kwenye nyumba ya kioo, akampa dereva kingine akakitundike kwenye ukuta wa jiko la mama yake, palepale vilipokaa vyungu.

Ilikuwa joto. Bokoli iko chini kuliko Kitale, na ukuta ule ulikuwa una moto upande wa pili siku nzima. Ngano zetu zilikuwa zinapata baridi wakati ule mfupi ambapo kiini kinajaribu kushika. Alinunua hita, akaniambia nishone mapazia mazito ya blanketi kuzunguka chumba, kwa hiyo mwishowe nikashona mapazia ya ofisi. Viini vikaja Kitale kama vilivyokuja Bokoli, msimu huo na uliofuata. Alijua kwa nini, na akaandika ili mwingine yeyote mahali popote aweze kufanya.

Mama yake hakuwahi kukubali habari za joto. Kanisani Bokoli alisimama akatoa ushuhuda kwamba mahindi yake yamezaa ngano ya Kitale, na kwamba yeye sasa ni nyanya wa shamba la serikali. Nilikuwepo. Nilimtazama Daktari, mtu aliyeweza kurudisha ripoti ya mwenzake kwa sababu ya neno moja lisilo na ushahidi. Alikuwa anapiga makofi pamoja na wengine.

"Mbona hukumrekebisha?" nilimwuliza nje.

"Ripoti niliandika vizuri, Fundi. Mama hasomi ripoti."

Miche iliyofanywa mizima ilitoa mbegu, mbegu zikapandwa mistari mistari mahali penye kutu nyingi, kwa makusudi, ili kutu ichague. Nilienda naye kutazama. Mstari baada ya mstari ulikuwa mwekundu, na nilianza kumwonea huruma, na katikati ya mistari ile kukawa na mmoja uliosimama kijani, kila bua sawa na jirani yake, kimo kimoja, kama askari wa gwaride. Mbele kidogo kulikuwa na mwingine. Daktari alivua viatu, akavishika mkononi, akatembea kati ya mistari hiyo akiimba wimbo wa kanisani. Alikuwa na sauti mbovu. Mimi nilikaa kwenye nyasi nikamwacha azimalize beti zote.

Baadaye alistaafu, akahamia upande wa Lugulu, karibu na kanisa na hospitali, na mimi nikarudi kwenye cherehani yangu. Tulisalimiana kwa simu sikukuu zikifika. Halafu mwaka mmoja, kuelekea mavuno, akanipigia kwamba anakuja Kitale kupimwa macho na angependa nimsindikize mahali.

Alikuwa amekonda na anatembea na fimbo, lakini kucha zake zilikuwa fupi safi. Tulikodi gari hadi upande wa Endebess. Barabarani akamwambia mwenye gari asimame. Kulikuwa na shamba la ngano, limeiva, limejaa mpaka chini ya kilima, na lote lilikuwa la kimo kimoja. Hakuwa na haja ya kuniambia ni ipi. Alikuwa ameshashuka, ameinama kwenye ua wa shamba, ameshika suke, anahesabu punje kwa kidole gumba.

Mwenye shamba, mzee mmoja, alitoka na gambuti zake miguuni, hana uhakika kama sisi ni wanunuzi au wezi. Daktari akamsalimu vizuri, akamwambia ngano yake imependeza.

"Wewe ni mkulima, mama?"

"Nina kashamba kadogo."

Basi mzee akafunguka. Alituambia jinsi kutu ilivyommaliza zamani, jinsi alivyotaka kugeukia ng'ombe, na jinsi alivyopewa hii mbegu na jirani. "Hii haiguswi, nakwambia. Na inaiva pamoja, huvuni leo huku kesho kule. Ati ilitengenezwa na wazungu."

Nikafungua mdomo. Fimbo ya Daktari ikatua juu ya kiatu changu na kukaa hapo.

"Wazungu gani?" aliuliza.

"Sijui, mama. Lakini hao walifanya kazi."

"Walifanya," Daktari alikubali.

Akamwuliza inapandwa lini, kwa nafasi gani, inataka mbolea kiasi gani. Mzee alijibu yote kwa subira, polepole, kama mtu anayemfundisha mgeni, na Daktari alitikisa kichwa kila mahali panapostahili. Mwishowe mzee aliingia ghalani akarudi na gorogoro, lile kopo la kupimia, limejaa mbegu za mwaka uliopita, akamtilia kwenye mfuko. Akamwambia apande, atamshukuru. Daktari alishukuru kwa mikono miwili.

Tulipokuwa tunarudi kwenye gari nilikuwa nimekasirika. "Ungemwambia, Daktari. Angefurahi. Angewaita watoto wake wakuone."

"Angeanza kuniita madam, na angenyamaza. Fundi, yule mzee ameniambia mambo mawili nilikuwa siyajui. Umesikia alivyosema ng'ombe wanayapenda mabua yake kuliko ya ngano nyingine? Na kwamba ndege wanaiogopa kwa sababu ya miiba ya masuke? Mimi sikupima ndege."

Alisimama kando ya gari akitafakari jambo hilo, mfuko kifuani. Kisha akanipa fimbo niishike, akarudi mpaka kwenye ua, akamwita yule mzee, akamwuliza kama anaweza kumwongezea mbegu kidogo.